Picha ya Kombe

Shoga, nimejifungia chooni hapa bwawani, nalia kama mtoto.

Unaijua ile sheria yangu ya timu: hakuna kutoka majini mpaka wa mwisho aguse ukuta. Niliiandika mimi mwenyewe ubaoni!

Leo nahodha wetu kagusa wa kwanza, kombe letu. Nikapagawa. Nikawaita wote watoke tupige picha. Wote, shoga!

Tunacheka pale, nasikia maji. Binti yangu. Binti YANGU bado anaogelea, peke yake, na hakuna hata mmoja wa kumpigia makofi.

Alipogusa ukuta nikamwambia, "Njoo kwenye picha, mwanangu."

Akanitazama. "Si mmeshapiga, kocha?"

Kocha. Tangu azaliwe hajawahi kuniita kocha.