Mazishi Nyuma ya Jiko

Uyole, Mbeya
4 Februari 2024

Kwako Mama Apolonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama. Natumaini baridi ya Igowole haikusumbui sana kifua. Sisi hapa wazima, ila kuna jambo.

Mimi ni Juliana, niliyefunga ndoa na mkweo Kalinga mwaka jana. Hatujaonana bado. Ningepiga simu, lakini mjukuu wako Eveline ameniambia kwamba kwenye simu husikii vizuri, ila barua unasoma mwenyewe ukivaa miwani. Hii nampa kondakta wa basi.

Ni kuhusu mchezo wa wajukuu zako. Tangu walipotoka kwako kuja kwangu baada ya Noeli hawachezi kingine ila mazishi. Sosthenes anachimba shimo nyuma ya jiko, anafunga gunzi la mahindi kwenye kitambaa, analizika. Eveline ndiye katekista: anasalisha, anaimba, analia machozi kabisa. Wakimaliza wanasimika msalaba wa vijiti. Pale nyuma pamejaa misalaba. Wenzangu wa jumuiya walipokuja kusali rozari waliiona, wakaanza kunong'ona kwamba watoto wanaita msiba.

Juzi baba yao alirudi na lori kutoka Kongo. Alipoona, alisawazisha pote kwa jembe na kuwafokea. Tangu hapo Sosthenes haongei. Anakula akiambiwa, anasali akiambiwa, halafu anakaa kizingitini.

Mimi sijazaa, mama. Nikiwasogelea wanaacha kucheza. Kalinga akiondoka, tunabaki watatu ndani ya nyumba, na mimi niko peke yangu.

Nifanyeje?

Mke wa mkweo,
Juliana


Igowole, Mufindi
19 Februari 2024

Juliana,

Milele Amina. Marahaba. Mimi mzima, kifua kinabana asubuhi tu.

Siku tuliyomzika Sabina wangu, Sosthenes alikuwa na miaka minne. Wanawake walimfungia chumbani na kikombe cha uji, wakasema mtoto asione mama yake anavyofukiwa, atashtuka. Akasikia nyimbo kupitia ukutani. Tuliporudi akaniuliza, "Bibi, mama mmemweka wapi?" Nikamwambia mbinguni. Akatazama juu, akanitazama mimi, akasema, "Uongo. Mlibeba majembe."

Eveline alikuwepo makaburini. Ndiye anayemwonyesha mdogo wake ilivyokuwa. Hata hapa kwangu walizika magunzi, sikuwakataza. Mtoto haiti msiba wowote. Anataka kuona alichofichwa.

Usiwafukuze. Kaa karibu na kazi zako, usubiri kuitwa.

Hapa kimya. Watoto wa jirani yangu Lugano bado wanakuja jioni mpaka kwenye michongoma, wanawaita wenzao kucheza kombolela, halafu wanakumbuka, wanaondoka. Na mimi mpaka leo nasonga ugali wa watu watatu.

Bibi yao,
Apolonia


Uyole
17 Machi 2024

Mama Apolonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi Kwaresima inakwenda, Eveline amejinyima sukari kwenye chai bila kuambiwa na mtu.

Nilifanya ulivyosema. Nikawa nakaa nyuma ya jiko nachambua maharage, najifanya siwaoni. Jana Sosthenes akachukua mwiko, akaanza kuchimba. Nikauliza, "Na mimi kazi yangu ipi?"

Eveline akanijibu, "Huna. Wewe si mfiwa. Hukumjua."

Ni kweli, sikumjua. Sosthenes akafikiri, akasema, "Apike. Msibani lazima wawepo wa kupika."

Mama, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasema tangu baba yake amfokee. Niliwasha vijiti, nikapika wali kwenye kopo. Walipomaliza kuzika wakanawa, tukala. Tukiwa tunakula akaniuliza, "Wewe ukifa, nitafungiwa chumbani?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi nionyeshe kaburi la mama."

Nataka kuwaleta kaburini. Kalinga amesema yeye hawezi kukanyaga Igowole. Anasema siku ya msiba ndugu zako walimwambia mbele za watu kwamba alikuwa anastarehe barabarani mkewe akikata roho. Lakini mimi na watoto hajatukataza. Unaturuhusu?

Juliana


Uyole
5 Mei 2024

Mama Apolonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Pasaka imepita, mvua zinaisha, na sijapata jibu lako. Kondakta anaapa kwamba barua alikukabidhi mkononi. Kama nimeomba kisichoombwa, nisamehe.

Watoto wamebadilisha mchezo. Wanapanga viti vya sebuleni, Sosthenes dereva, Eveline kondakta, anaita, "Makambako, Nyololo, Igowole!" Mimi ni abiria. Hatujawahi kufika. Kila siku gari linaharibika Makambako, dereva anashuka anakwenda zake kulala.

Juliana


Igowole
26 Mei 2024

Juliana,

Milele Amina. Marahaba. Sikuwa mgonjwa, kama uliogopa hivyo.

Barua yako ilinifikia Wiki Kuu. Kila nikishika kalamu nakwama pale juu, sijui nikuite nani. Nikisema mwanangu, naona kama namwinua Sabina kwenye kiti chake. Nikisema Juliana tu, ni kama naandikia mtu wa ofisini. Nikaahirisha, nikaahirisha, mpaka mahindi yamekauka shambani. Hata leo sijui. Lakini watoto wasilale njiani kwa ajili yangu.

Shule zikifungwa njooni. Beba masweta. Na Kalinga mwambie hivi: maneno yale hayakutoka kinywani mwangu, na mimi sina kesi naye.

Apolonia


Uyole
30 Juni 2024

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mimi na Sosthenes tulifika salama, na viazi vyote vilifika. Nakuandikia kwa sababu pale stendi nilishindwa kuongea.

Bado namwona Sosthenes makaburini. Alilizunguka kaburi, akaigusa saruji, akasoma jina herufi kwa herufi. Akakuuliza, "Ni hapa tu?" Ukamjibu, "Ni hapa tu, baba." Akasema, "Haya," akakimbia kucheza kombolela na watoto wa Lugano. Mimi na wewe tukabaki tumesimama, hakuna aliyejua amshike mwenzake mkono au asimshike.

Eveline simlaumu. Aliposhika nguzo ya baraza lako na kusema haondoki, nilijua hanikatai mimi. Au labda ananikataa, sijui. Baba yake amekubali asome huko, nami nimekubali.

Nyuma ya jiko hapachimbwi tena. Nilidhani nitafurahi. Jana Sosthenes alitaka tucheze rede, na rede inataka watatu, wawili wa kurusha na mmoja wa kukwepa. Tukatazamana. Mwishowe akawa anarusha mpira ukutani, anaukwepa mwenyewe.

Juliana


Igowole
14 Julai 2024

Kwako Mama Sosthenes,

Milele Amina. Marahaba. Baridi imebabua majani ya viazi, lakini mimi mzima. Eveline naye mzima, anakula, anasali, anafua nguo zake.

Nilitaka mtoto huyu abaki. Sikukuficha, uliniona usoni. Aliposhika ile nguzo nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Sasa nimemwangalia wiki hizi. Wenzake wakimwita kucheza anasema ana kazi. Anakaa na mimi barazani kama mwanamke mzima. Ananipulizia moto, ananisomea masomo ya Jumapili, anauliza kama nimemeza dawa. Juzi nikamwambia, "Mjukuu wangu, nenda kacheze." Akasema, "Nikienda, utabaki na nani?"

Mtoto wa miaka tisa! Kumbe hakubaki kwa kupapenda hapa. Alibaki kunilinda. Nilikaa na jambo hilo siku nzima, nikaona aibu kwa jinsi lilivyonifurahisha kidogo.

Sitaki mtoto wa Sabina azeekee barazani kwangu. Nimemwambia mimi nina kuku, nina jumuiya yangu, nina zamu ya kufagia kanisa. Hakuniamini. Amelia sana, halafu akaanza kukunja sweta lake mwenyewe, polepole, akiniangalia kama nitabadilisha neno. Sikubadilisha.

Uhamisho wa shule usiuendeleze. Jumamosi nitamleta mwenyewe kwa basi la asubuhi, nitalala kwenu, Jumapili tutakwenda Misa wote, kisha nitarudi.

Stendi asije mtu mwingine kutupokea. Usije hata wewe. Mwambie Kalinga aje. Sijauona uso wake tangu siku ile ya mazishi, na macho yangu si kama zamani. Mwambie nikishuka asinipungie mkono kutoka mbali. Asogee, asimame karibu kabisa, nimwone.

Mama yenu,
Apolonia