Jiwe la Baba na Jina la Mto

Chemnitz (wao wanasema Karl-Marx-Stadt),
31 Mei 1953

Mpendwa mdogo wangu Ehrhardt,

Hujambo huko Bremen? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila magoti ya Mama yanamsumbua kwenye ngazi. Kahawa yako tumeipata. Mama huinusa kwanza ndipo anywe. Bibi Ottilie anakuletea barua hii kwa mkono, haitafunguliwa posta, kwa hiyo leo nasema yote.

Nimekasirika, mdogo wangu, mpaka chakula hakipiti.

Unajua Baba alijichongea mwenyewe jiwe la kaburi, kama babu alivyofanya, akabakiza mwaka wa kufa tu. Tulipomzika Aprili, fundi mwenzake akaumalizia. Kisha tarehe kumi mwezi huu serikali ikaubadilisha mji jina.

Nikaenda ofisi ya makaburi kuomba kibali cha kulisimamisha. Karani akasoma kwenye fomu, "Alizaliwa Chemnitz, 1879," akanirudishia.

"Mama, mji huo haupo tena. Futeni, muandike jina jipya."

"Kwa hiyo baba yangu kazaliwa hewani?"

"Sikutunga mimi, mama. Bila kufuta, jiwe haliingii."

Na ni Baba huyo huyo aliyetufundisha tungali wadogo kwamba Chemnitz ni neno la Waslavi waliotutangulia hapa, maana yake kijito cha mawe, na kwamba mji uliazima jina kwa mto. Mchonga mawe alijivunia kuzaliwa mji wa mawe. Leo nimfute kwa tindo yake mwenyewe? Thubutu.

Mama naye kila Jumapili anauliza jiwe liko wapi. Namwambia gari halijapatikana, na uongo huo unanichoma.

Basi Jumatano nilishika tindo ya Baba. Juu kidogo ya neno Chemnitz nikachonga: "kando ya mto". Herufi zimepinda, angenisema sana. Nikajaza fomu upya, nikarudi kwa yule karani. Akasoma, akarudia, akainuka kutazama ramani ukutani. Mto hawajaubadilisha jina. Akagonga muhuri bila kuniangalia usoni.

Jiwe limesimama tangu jana. Mama alipapasa herufi moja moja, akafika kwenye zangu.

"Hizi si za baba yako," akasema. Kidole chake kikabaki hapo hapo.

Nisalimie mkeo Irmtraud na shangazi Walburga. Mungu awafunike kwa mkono wake. Ukijibu, kwenye bahasha andika jina lao la mji ili barua ifike. Ndani andika letu.

Dada yako akupendaye,
Gerlinde