Reki Kwenye Mlimao

Baba mkwe wangu mpendwa,

Mikono yangu imechanika tena. Leo nimemaliza kukata ua wa michongoma, mara ya tatu tangu mwaka uanze, na mvua za hapa kwetu Mwaya unazijua: ukigeuka kunywa maji, machipukizi yameshatoka. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, miguu iko ndani ya beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nimechoka, baba. Nasema waziwazi kwa sababu miaka ishirini na sita tuliyoishi uwanja mmoja sikuwahi kukuambia neno ana kwa ana, na sasa hata nikikuchosha kwa maneno huwezi kunikimbia.

Barua hii naiacha wazi, wengine nao waisome. Wasichana wanaoolewa siku hizi wanakaa meza moja na baba mkwe, wanammiminia chai, wanapiga naye picha. Wala siwaonei wivu sana. Ila mimi, mwanao Ambonisye aliponioa, nilikuwa nimefundishwa na shangazi zangu kwamba mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe usoni, hapiti njia anayopita yeye, na jina lake halitamki. Nikikusikia unakohoa, naingia migombani. Ukinisikia naimba, unageuza njia. Mama mkwe alikuwa kati yetu, anabeba salamu kwenda na kurudi, na nadhani wakati mwingine alizitia chumvi.

Unakumbuka masika yangu ya kwanza? Maji yalianza kuingia jikoni asubuhi. Nikajifunika gunia, nikatoka na jembe kuzibua mfereji upande wangu. Sikujua kwamba nawe umetoka na lako kuzibua upande wako. Mvua ilikuwa inapiga kelele kiasi cha kutosikia hata kikohozi. Tukawa tunazibua tumeinama, kila mmoja anarudi kinyumenyume, mpaka migongo yetu ikakaribia kugusana. Nilipogeuka nikakuona, nikaruka, nikatumbukia mferejini hadi kifuani.

Mtu mwingine angenishika mkono. Wewe hukuweza. Uligeukia mgomba uliokuwa mbele yako, ukasema nao kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwelekeza jirani: "Wewe mgomba, shika mpini huu. Kanyaga pale penye jiwe, pengine pote ni tope." Kisha ukausogeza mpini wa jembe nyuma yako bila kugeuka. Nikaushika, ukavuta. Nilipotoka nilikimbia mbio hadi ndani, bila hata kusema ndaga, asante.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Jioni kuku akachinjwa ili aibu ipite. Na wiki hiyohiyo nikaona unachimba mstari kutoka kwenye mlimao hadi mferejini, unapanda michongoma. Niliumia. Nilidhani unajikinga na mimi, mkamwana asiyeangalia anakorudi. Mama mkwe ndiye aliyenieleza: "Amesema ni kwa ajili yako, ufanye kazi zako bila kukimbiakimbia." Na ni kweli. Tangu ua ule ulipokua, niliweza kupepeta mpunga, kuoga, kucheka na wageni wangu, wewe uko hatua kumi kutoka hapo, na hakuna aliyelazimika kujificha.

Na ile reki. Nani aliianzisha sijui, maana hatukuwahi kukubaliana. Ulikuwa unaamka kabla yangu, unafagia upande wako kuanzia mlangoni hadi kwenye mlimao, kwa kuwa ua uliishia hapo, na pale palipobaki wazi ilitupasa kupatumia kwa zamu. Ukimaliza unaiegemeza reki kwenye shina la mlimao, unaingia ndani. Nikiiona reki najua njia ni yangu. Nisipoiona, nasubiri na fagio langu la chelewa mkononi. Miaka yote hiyo haikuwahi kutudanganya.

Mvua zikipungua, kabla ya kuanika mpunga, tulipalilia uwanja na kuusiriba kwa udongo na samadi. Wewe nusu yako, mimi nusu yangu. Ulipokauka niliweza kusoma mikono yetu chini: yako mipinde mipana ya mtu asiye na haraka, yangu midogo midogo ya mtu aliyeacha chungu motoni. Ilikutana kwenye mlimao. Nilikuwa naogopa kuanika mkeka juu ya mstari ule.

Kiangazi ndicho kilichotugombanisha. Majani ya mikakao hayaishi kuanguka, na upepo wa ziwani unayarudisha yaleyale uliyoyakusanya. Nilikuwa nayachoma bila subira. Siku moja nikasikia kutoka ng'ambo: "Wewe mlimao, mwambie anayechoma majani mabichi kwamba huku kuna mzee ana mapafu." Nami nikamgeukia kuku aliyekuwa miguuni pangu, nikasema kwa sauti ya kufika mbali kwamba majani yamekauka, upepo ndio mkaidi. Halafu nikakusikia unacheka, peke yako, kicheko cha kujificha ndani ya blanketi. Siku ile ndiyo niliyojua kwamba nimepata baba.

Kabla ya mvua za kwanza uliacha upande wangu wa ua miti ya kuegemezea migomba, umeikata na kuichonga ncha, kila mwaka. Hukutuma salamu. Niliikuta tu. Nami nikikata majani makavu ya migomba niliyafunga mafungu na kuyaacha upande wako, kwa sababu ulipenda kuyatandaza chini ya mikakao. Hivyo ndivyo mwaka ulivyozunguka, na mimi sikuuhisi kuwa mzito, maana nilikuwa na nusu yake tu.

Sasa nifike kwenye lile nililolikwepa.

Asubuhi ile ya kiangazi, mwaka mmoja baada ya kumzika mama mkwe, nilitoka na fagio, na reki haikuwapo kwenye mlimao. Nikasubiri. Ambonisye alikuwa kazini Kasumulu, mpakani, mwanangu Atupele yuko Mbeya, hapa nyumbani tulikuwa wawili, wewe na mimi. Nilikuwa nimesikia unafagia. Kisha nikasikia kitu kimeanguka. Nikasema moyoni, baba ameangusha reki, ataiokota. Nikakaa kwenye kigoda hiki hiki. Nikachambua mboga. Jua likapanda, likafika juu ya paa, nami nimesimama upande wangu wa michongoma, nimenyoosha shingo, naungoja mlimao uniambie.

Nilikohoa. Nikaimba kidogo. Nikamwambia kuku, "Wewe kuku, huko kuna amani?" Kulikuwa kimya. Baba, kuzunguka ule mlimao ni hatua nne. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Sikuzipiga. Nilingoja mpaka Mama Gwantwa, jirani yetu, akapita njiani akienda mashineni na mpunga wake, nikamwita aje akutazame kwa niaba yangu. Alikukuta umelala karibu na mfereji, reki iko chini ya mkono wako, bado unapumua. Siku ya tatu ukafariki hospitalini bila kusema neno.

Hakuna aliyenilaumu. Ambonisye aliniambia, "Ulifanya kama ulivyofundishwa." Ningependa angenipigia kelele. Daktari alisema kiharusi kile kilikuwa kikubwa, kwamba hata ungewahishwa pengine isingesaidia. Hilo neno pengine ndilo nililolala nalo miaka mitatu.

Tulikuzika upande wako, kati ya migomba, kando ya mama. Na tangu hapo mwaka mzima umekuwa wangu, nusu zote mbili. Mifereji yote nazibua mimi. Ambonisye anakuja mwisho wa wiki, mgongo wake nao umeshazeeka, anashika beleshi dakika kumi halafu anaanza kunisimulia habari za mpakani. Nasiriba uwanja wote, na chini hakuna tena mipinde mipana. Miti ya kuegemezea migomba nakata mwenyewe, imepinda, na mwaka jana mikungu minne ilianguka kabla ya kukomaa. Kaburi nalifikia kwa njia ya nje, sipiti kwenye mlimao, nalifagia haraka haraka, nimejifunika kanga usoni, nimegeuza shingo. Umekufa, na bado nakukwepa.

Atupele alikuja Pasaka. Akanikuta juu ya kinu, nakata vichwa vya michongoma, damu inachuruzika kwenye kiwiko. Akanishusha. Akasema ua ung'olewe, pawekwe saruji, nipumzike. Nikakataa. Akaniuliza, wala si kwa ubaya, "Mama, unamficha nani sasa?"

Nilimnunia siku mbili. Mtoto gani anamuuliza mama yake swali la namna hiyo, tena mbele ya ugali. Lakini alipoondoka lilibaki. Nikaona kwamba ua wako ulinipa uhuru, baba, na mimi baada ya kufa kwako nimeugeuza kifungo. Kila tawi nililokata nilikuwa nasema, ona, bado nashika adabu, ile siku nayo ilikuwa adabu, sikukuacha kwa makusudi. Nimesema hivyo mara tatu, nne kwa mwaka, kwa panga, na miiba haijanijibu.

Kwa hiyo nimekubali. Jumamosi mafundi wanakuja kuung'oa. Saruji nimeikataa, nani atauanika mpunga juu ya saruji ukanuke simenti? Mlimao nimesema usiguswe. Leo nimeukata ua vizuri kwa mara ya mwisho, maana sikutaka wageni waukute na nywele timutimu, wakasema mkamwana wako ni mvivu.

Na kabla ya hapo, alfajiri, nilifanya jambo ambalo lingewafanya shangazi zangu washike vichwa. Nilizunguka mlimao. Hatua nne. Kanga niliiacha mabegani. Nilifagia kuanzia mlangoni kwako, taratibu, kwa mipinde mipana, nikafagia juu ya kaburi na pembeni yake, nikaokota majani yaliyonasa kwenye msalaba, nikakutazama. Nilitaka kusema na mgomba, ndiyo tabia tuliyozoeshana, lakini nikasema nawe mwenyewe. Nilisema, ndaga fijo, tata, asante sana, baba, kwa ule mpini. Nikasema, nisamehe kwa zile hatua nne. Sauti yangu niliishangaa, kumbe imeshazeeka.

Nakuaga sasa, maji ya beseni yamepoa na mikakao ya nyuma inaningoja. Kesho sitafagia mapema. Nitalala hadi jua liingie dirishani, na anayetaka kusema aseme na kuku. Upande wangu nimeumaliza, na wako pia. Reki nimeiegemeza kwenye mlimao, baba. Unaweza kutoka.

Ni mimi,
mkamwana wako wa ng'ambo ya michongoma.