Viti Ambavyo Hatukuvipindua

Kwa baba yetu, Beda Ditram Haule, fundi samani wa Mikumi

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe tisa Novemba ulipoanguka mlangoni mwa karakana yako, kipande cha msasa kikiwa bado mkononi. Daktari aliandika shinikizo la damu, nasi hatuna sababu ya kumpinga.

Ulizaliwa Kimamba, mjukuu wa mkata mkonge aliyetoka Songea. Useremala ulijifunza Kilosa, ukahamia Mikumi kwa sababu barabara kuu haikosi wateja. Kwa miaka ishirini na sita ulitengeneza viti na meza za kukaa nje, kwa nyumba za wageni na kwa migahawa wanakosimama madereva wa malori.

Hukushika brashi kabla ya saa nne, umande ukiwa haujakauka. Mbao za mtiki ulizifuta kwanza kwa kitambaa chenye thina, kwa kuwa mtiki una mafuta na vanishi haishiki juu ya mafuta. Ulipaka mikono mitatu ya vanishi, yaani matabaka matatu, siku nzima kati ya mkono na mkono, na kila mmoja ulipokauka ulipitisha msasa laini. Ulianza na pale ambapo hakuna anayepatazama: chini ya kikalio, kisha nyayo za miguu, ulizozisimamisha kwenye kifuniko cha kopo chenye vanishi ili zinywe. "Kiti hunyeshewa kichwani, huozea miguuni," ulituambia. Baada ya hapo, siku tatu bila mtu kukikalia. Ulibonyeza kwa dole gumba, na alama ikibaki, kiti hakiondoki.

Siku moja Mama alikuambia, "Viti vyako vinapumzika siku tatu. Mimi hata Jumapili sijapumzika." Ulichukua beseni la vyombo ukaenda kuviosha, na Jumapili zote zilizofuata uliviosha wewe.

Aprili ya mwaka jana ulipeleka viti kumi na viwili vya mtiki kwenye nyumba moja ya wageni hapa mjini. Mwenye nyumba hatumtaji jina, anajijua. Ulivifikisha Jumatano, vimekauka. Jumamosi palikuwa na harusi. Wakwe walipoinuka kumpokea bibi harusi, viti viliinuka nao. Suti tatu na gauni la mama wa bwana harusi viliharibika mbele ya kamera.

Jumapili uliitwa uani kule, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, familia zote mbili na majirani wasiohusika.

"Fundi Beda," mwenye nyumba akakuuliza, "ulichopaka ni vanishi au ulimbo? Umetutega kama ndege."

Watu wakacheka. Wewe ukasema, "Dada, viti vilitoka kwangu vikavu. Naomba nivitazame."

Hukupewa nafasi ya kuvitazama, na waliokunyima ni sisi. Mama alikunong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite." Fortunatus, mwanao uliyekuwa ukifanya naye kazi, alitazama chini, akihofia wateja wote watakimbia. Na Magreth, binti yako anayefundisha kemia sekondari, ambaye ndiye anayeandika haya, alieleza mbele ya watu kwamba mafuta ya mtiki huzuia vanishi kukauka, na kwamba huenda safari hii hayakufutwa vizuri. Maelezo hayo ni sahihi kitabuni. Kiti chenyewe hakukigusa.

"Mwanangu," ulimwambia, "nilifuta."

"Baba, omba radhi yaishe."

"Yaishe yapi?"

Ukasimama, ukavua kofia, ukaomba radhi kwa kosa ambalo hukulijua. Mwenyekiti akasema huo ndio uungwana. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeridhika, na hilo tunaliandika kwa sababu ni kweli.

Hayakuisha. Vijana wa bodaboda walikuita Fundi Ulimbo. "Shikamoo, Fundi Ulimbo. Leo umenasa wangapi?" Uliitikia marahaba, kwa kuwa shikamoo haikataliwi. Tangu siku ile hadi ulipofariki hukupewa kazi ya samani za nje hata moja. Ulitengeneza fremu za milango na majeneza mawili. Hatusemi kwamba viti vile vilikuua, hatuna ushahidi. Tunasema tulichokiona: mtu aliyekuwa akipiga mluzi kazini aliacha kupiga mluzi.

Mteja wako wa zamani, Mzee Saitabau, alikuja Agosti na kigoda chake, si kwa sababu kilihitaji kazi. Alitukuta tumekaa, akatuuliza habari ya viti. Tukamwambia uliomba radhi, yamekwisha. Akasema, "Ng'ombe akiumwa namwuliza mchungaji, halafu namtazama ng'ombe. Ninyi mmemtazama nani?" Fortunatus alicheka, akamletea chai.

Juni mwaka huu Fortunatus alipeleka kitanda kwenye nyumba ile ya wageni. Nyuma ya jiko alivikuta viti vyako vimerundikwa, miguu juu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yetu kuviona upande wa chini. Vanishi ilikuwa ngumu, safi, rangi ya asali. Alipitisha ukucha, haukuacha alama. Alipokigeuza kimoja, juu kulikuwa na utando mweupe wenye mikunjo, umeshika vumbi na nyuzi za nguo. Alikwangua taratibu kwa patasi. Chini ya utando ule ilikuwapo mikono yako mitatu, mikavu kama kioo. Utando ulikuwa mkono wa nne. Wewe hukuwahi kupaka mkono wa nne.

Alimwuliza Nickson, aliyekuwa mfanyakazi wa pale tangu kabla ya harusi. Nickson hakuficha.

"Ijumaa jioni, kaka, mvua imekatika tu. Mama mwenye nyumba akasema havijang'aa vya kutosha kwa picha. Akanipa kopo la vanishi iliyobaki tulipopaka milango ya ndani. Nikapiga mkono mmoja mzito, juu tu. Chini nani anaona?"

"Mbona hukusema siku ile?"

"Mzee mwenyewe alishaomba radhi. Ningesema nini tena?"

Jibu hilo hatuwezi kulilaumu. Ukweli ulikuwapo uani Jumapili ile, umesimama karibu na jiko, na radhi tuliyokulazimisha ndiyo iliyoufunga mdomo. Kumpindua mtu hadharani tuliona ni kazi nyepesi kuliko kupindua kiti.

Mwenye nyumba tulimwendea. Alisema, "Marehemu hasemwi, mwacheni apumzike." Tulimjibu kwamba alisemwa akiwa hai, tena palepale tulipokuwa tumesimama. Aliingia ndani.

Radhi iliombwa mbele ya watu, kwa hiyo mbele ya watu tunaifuta. Beda Ditram Haule hakukosea. Viti kumi na viwili vilitoka mikononi mwake vimekauka. Kosa la harusi lilifanywa na wengine. Kosa la kumwombesha radhi lilifanywa na familia yake, na hilo hatumwachii mtu mwingine.

Misa itasomwa Jumapili asubuhi kanisani Mikumi. Baada ya misa, kiti kimoja kati ya vile kumi na viwili, alichokinunua Fortunatus, kitakuwa barazani kwetu, miguu juu. Aliyewahi kukuita Fundi Ulimbo anakaribishwa aje apitishe ukucha. Chai ipo.

Unakumbukwa na mkeo Marselina, ambaye sasa anaosha vyombo mwenyewe Jumapili, watoto wako Magreth na Fortunatus, mkweo Yusrah, dada yako Hildegarda wa Kimamba, wajukuu wako watatu, na Mzee Saitabau, aliyeomba jina lake liwekwe pamoja na ndugu.

Tutakukumbuka daima, Baba, na kuanzia leo tutakukumbuka kwa usahihi.