Mtani Amekalia Upinde wa Baba

Bi Mwamini, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mbwera, huku visiwani Rufiji, na ukiona mwandiko umepinda usinicheke, kwa kuwa mkono huu unaoandika ndio wa bega lililopasuliwa, na kuweza kuandika tu kwangu ni neema kubwa, maana mwaka jana wakati kama huu nilikuwa siwezi hata kushika tonge, mke wangu Johari alinilisha kama mtoto mchanga, Mungu amlipe.

Mkasa ulianza mikokoni tulipokuwa tunakata boriti, gogo likageuka likaniangukia bega la kulia, mfupa ukavunjika pale juu kabisa, wapiga makasia wakanipeleka Utete wakipokezana bila kupumzika, na kutoka huko nikasafirishwa mpaka Darisalama, ambako daktari Mzungu alinipasua bega akaufunga mfupa kwa waya, ndiyo, waya, nao umo ndani mpaka leo, halafu muuguzi mmoja wa Kizaramo akawa kila asubuhi ananisimamisha mbele ya ukuta ananiambia tambaza vidole, panda, panda tena, mimi machozi yananitoka na yeye wala hanihurumii, na sasa, Bi Mwamini, ninaposimama kuswali nikanyanyua mikono yote miwili kufunga takbiri na vidole vikafika masikioni, nabaki nimesimama tu, namshukuru Mungu, nawashukuru daktari na yule muuguzi, na wapiga makasia, na Johari wangu.

Sasa shida yangu. Mimi ni mpiga upinde kama alivyokuwa marehemu baba yangu, na upinde wenyewe ni wake, mzito, si kila mtu anauvuta. Huku kwetu mpunga unaliwa na nguruwe, na wa kuwazuia ni mtu aliyekaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia shamba, na upinde wake mkononi, nyama yao hatuli lakini tukiwaachia shamba na wali hatuli. Basi siku napakiwa mtumbwini, Shaabani, mtoto wa shangazi yangu na kwa hiyo mtani wangu, aliingia ndani kwangu, akautoa upinde ukutani, akatoka nao mbele ya watu akisema, "Marehemu, safari njema. Huu narithi mimi, na mjane tutazungumza eda ikiisha." Watu walicheka, hata mimi nilicheka na maumivu yangu yale, kwa sababu ndivyo watani wafanyavyo kwetu msibani, hunyakua kitu cha marehemu na wenye msiba hukikomboa kwa fidia yoyote ndogo watakayotajiwa.

Lakini mimi sikufa, nimerudi, na upinde haujarudi. Msimu ule wote alikaa kwenye dungu langu akipiga nguruwe kwa upinde wangu kama mwenye mali, na siku hizi nguruwe wakiingia shamba la mtu yeyote anayeitwa ni Shaabani, mlangoni kwangu wanapita kama vile hakuna mtu ndani. Nilipomwambia nipe upinde wangu, akaenda akaniletea kiupinde cha fito, chepesi, kama vile wanavyochezea watoto wa chuo cha Kurani, akanikabidhi barazani watu wakiwa wamejaa, akasema, "Fidia ni lile papai la juu kabisa kwenye mpapai wangu. Subiri liive, ulitungue kwa hiki, uje uchukue ule wa baba yako." Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Nilikitupa uvunguni. Daktari aliniambia nianze na vitu vyepesi nizidishe polepole, sawa, lakini hakuniambia nidhalilishwe. Nikaazima upinde wa jirani yangu Kibwana nijipime, nikavuta, haukufika hata nusu, mkono ukafa ganzi mpaka jioni, na hilo sijamwambia mtu ila wewe.

Kibwana ananishauri nimshtaki Shaabani kwa jumbe. Johari anasema nikimpeleka mtani barazani nitachekwa mpaka Utete, na shangazi hatanisamehe. Mpunga unakaribia kuchanua, Bi Mwamini, na mimi nataka kurudi kwenye dungu langu. Nimshtaki, au niache upinde wa baba upotee hivihivi?

Mimi wako,
Mfaume, Mbwera

BI MWAMINI ANAJIBU

Marahaba, Mfaume. Pole sana, na hongera sana. Hizo takbiri zako zimenifanya niweke miwani pembeni kidogo. Kumbe mtu anaweza kufunga takbiri miaka yote asijue amepewa nini.

Nimeshakupongeza, sasa kaa nikugombeze. Umemshukuru daktari, umemshukuru muuguzi aliyekuliza, umewashukuru wapiga makasia na mkeo. Shaabani hayumo. Yeye umemweka kwenye mashtaka. Hebu niambie, lile dungu alilokalia msimu mzima lilikuwa linalinda shamba la nani? Na uliporudi kutoka Darisalama, Johari alikulisha matonge ya mpunga gani? Mtu amekulindia chakula cha nyumba yako, nawe unasema amepiga nguruwe "kama mwenye mali". Ungependa awapige kama mgeni?

Kosa lako ni kwamba umeusahau utani, wewe uliyezaliwa ndani yake. Mtani amenyakua, ametaja fidia, kazi iliyobaki ni yako, kukomboa. Hukukomboa. Umekaa unanung'unika na kiupinde cha kukombolea umekitupa uvunguni. Ukienda kwa jumbe, ataanza kwa kukuuliza ulitajiwa nini, na ukishasema papai, kesi imekwisha, na Johari atakuwa amesema kweli.

Lakini mimi naliangalia papai lenyewe. Mimi nina mipapai uani kwangu, na mapapai huiva kuanzia chini. La juu kabisa, lile dogo gumu, ndilo la mwisho. Angekuwa anataka kukudhihaki tu angekutajia la chini, ukalikosa siku hiyohiyo watu wakacheka wakaenda zao. Amekutajia la juu, akakwambia subiri liive. Amekupa miezi, Mfaume, na akakupa upinde mwepesi wa kuipitisha. Daktari alisema vyepesi kwanza, mtani wako akakuchongea hicho chepesi, na upinde mzito akauweka mbali nawe. Nawe ulipoukosa ulikwenda kuazima mwingine na bega likakujibu. Alikujua.

Kwa hiyo fanya hivi. Upinde wa Kibwana mrudishie, pamoja na ushauri wake. Kitoe kile kiupinde uvunguni, ukifute vumbi, ukivute kila asubuhi baada ya kutambaza vidole ukutani. Mkono ukifa ganzi, acha, pumzika, usishindane nao. Mshale upige kwanza kitu kilicho karibu, nazi kavu au mgomba, ndipo uinue macho juu. Na msimu huu panda dunguni ukae na Shaabani. Yeye avute upinde, wewe piga debe na utupe mawe kwa mkono wa kushoto. Nguruwe hawaulizi nani ni hodari.

Papai likishaiva na ukalitungua, usipeleke maneno kwa mtu. Lipeleke papai lenyewe kwa Shaabani, mlikate, mle wote. Kisha nyoosha mkono wa kulia, ule uliofungwa waya, upokee upinde wa baba yako, na kabla hujaupokea mwambie ahsante, maana tangu uumie hajaisikia kwako. Najua atakujibu kwa matusi. Nawe mtukane, na umwulize kama bado anamsubiri mjane. Nikisikia hivyo nitajua umepona.