Sare ya Bluu Haiendi Katavi

Tabora, Jumamosi

Nimeshinda! Wiki nzima nimebishana na Mama Zuhura, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, kuhusu sare ya kwendea Katavi kuona viboko. Yeye kachagua kitenge cha bluu. Bluu, kwenye pori la mbung'o! Mimi nimekulia Ulyankulu, nawajua: ukivaa bluu wanakuandama na kukuuma hata kupitia nguo.

"Wewe fundi, shona. Mambo ya wadudu tuachie," alinijibu mbele ya watu. Hilo ndilo lililonikera. Kusema kweli nilianza pia kuogopa, nisije nikaambiwa nimevunja safari.

Leo dereva atakayetupeleka alikuja kikaoni.

"Shikamooni, mama zangu. Hakuna atakayevaa bluu, sivyo? Mbung'o watatumaliza."

Wote wakanigeukia. Nikaendelea kunywa chai yangu, taratibu.

Sare sasa ni rangi ya udongo.

Jioni Mama Zuhura kaja kupimwa. "Gauni la udongo sawa," kasema, "ila kilemba changu kibaki cha bluu. Mwenyekiti lazima aonekane."

Nimemkatia kikubwa. Ataonekana.