Ndoto ya Farah Yageuzwa Ushahidi

Garissa, Jumapili jioni, 1966

Uniwie radhi, daftari langu, kwa miezi ya kimya. Hasira imenirudisha.

Farah, mchunga ngamia, aliota moto katika njia ya Bura, akawasimulia wenzake kisimani. Siku mbili baadaye lori la jeshi likaungua mahali pale pale. Sasa amefungwa, eti alijua!

Mimi mkalimani wa mahojiano yake nilimwambia afisa wa jeshi, "Yusufu unayemsoma kanisani alioteshwa na Mungu."

"Mzee, yule nabii. Huyu shifta, mwasi tu. Tia sahihi kwamba amekiri."

"Firauni naye alioteshwa. Alikuwa nabii?"

Akacheka. "Basi mtafutie Farah kiti cha enzi!"

Nikitia sahihi, Farah atanyongwa. Nikikataa, nitafungwa naye. Nimepewa hadi kesho. Nikiisha kuamua nitaandika, humu au ukutani mwa korokoro.